Alasiri ya Kukata Majina

Watu wengi wanaokwama katika masomo ya ukubwani husema walikosa wakati. Mimi siwezi kusema hivyo, kwa sababu wakati ndicho kitu nilichokuwa nacho tele. Nilikuwa dereva wa nyumba nchini Qatar, na kazi ya dereva wa nyumba ni kungoja. Unawapeleka watoto shule, unangoja. Unampeleka mama yao dukani, unangoja. Unampeleka bibi yao kliniki, unangoja tena, na mkirudi nyumbani unakaa katika chumba chako karibu na geti ukingoja simu ilie. Kama yuko mwanafunzi aliyewahi kupewa saa za bure kunizidi, sijamsikia.

Nyumba ilikuwa Al Wakrah na shule ya watoto ilikuwa mjini Doha. Kurudi na kwenda tena kulikuwa kumaliza petroli bure, kwa hiyo nilibaki nje ya shule asubuhi nzima hadi watoto watoke. Madereva wenzangu walilala, au walisimama kwenye kivuli cha ukuta wakinywa karak, ile chai nzito ya maziwa na iliki, wakibishana juu ya mpira kwa Kiingereza ambacho kila mmoja alikileta kutoka kwao. Mimi nilibaki garini na mkoba wangu kwenye kiti cha abiria. Nilitaka waone kwamba mimi nasoma. Waliona, na wakaniheshimu kwa hilo, na mkoba ukabaki umefungwa.

Kwetu ni Taita, huko juu milimani. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwalimu wa cheti, niliyefundisha hesabu madarasa ya chini hadi nikaanza kuona vijana niliowatangulia kazini wakipata digrii na kunipita wakielekea shule za sekondari. Nikajiandikisha katika chuo kikuu, kwenye ule mpango wa walimu wanaosoma wakati wa likizo za shule. Nilikuwa na mke na watoto wawili, na nywele zilizoanza kunikimbia, nikikaa kwenye madawati na watu wa rika langu, kila mmoja na miwani yake mfukoni. Nilifaulu masomo yote. Ukabaki mradi wa utafiti, kitabu kimoja chembamba cha kuandika mwenyewe chini ya msimamizi, na digrii ni yako.

Hapo ndipo kazi ya Doha ilipokuja. Mimi na mke wangu tulikaa jikoni tukalizungumza kwa utulivu. Mradi hauhitaji darasa, tulisema. Ningeweza kuuandikia popote. Ningeendesha gari kwa muda mfupi huku nikiandika, kisha ningerudi na digrii, na mkuu wa shule ya sekondari ya karibu, aliyetufahamu, alikuwa amemwambia mke wangu kwamba mwalimu wa hesabu aliyezaliwa palepale kijijini angempokea kwa mikono miwili. Tukakubaliana hivyo. Siku ninayomaliza mradi ndiyo siku ninayorudi nyumbani. Hakuna aliyeandika mahali, lakini sote wawili tulijua kwamba kurudi kwangu kumefungwa kwenye kitabu kile chembamba.

Nilichagua kuchunguza kazi ya nyumbani, yale mazoezi ambayo mwalimu humpa mtoto abebe jioni ayafanye kwao. Nilitaka kujua kwa nini wengine huleta yamekamilika na wengine huleta daftari tupu. Nilikuwa nimewaadhibu watoto wengi kwa sababu ya daftari tupu, na nilidhani ni vizuri kujua sababu, hata kama nimechelewa.

Likizo yangu ya kwanza kutoka Qatar iliangukia wakati shule ziko wazi. Nikaenda katika shule yangu ya zamani nikiwa na hojaji, yaani karatasi za maswali, nilizokuwa nimezichapisha katika duka la intaneti kule Fereej Bin Mahmoud, mtaa mmoja wa Doha. Darasa la tano walikuwa wale niliowafundisha kabla ya kuondoka. Waliposimama kunisalimu, dari ilitikisika. Nikawaambia kwamba karatasi hizi si mtihani, kwamba majibu yao yatakwenda chuo kikuu, na kwamba wasizichafue. Kusikia chuo kikuu, walianza kufuta mikono kwenye sweta, wakafuta na madawati kwa viwiko, kisha wakapokea karatasi kwa mikono miwili kama watu wanaopokea sakramenti.

Na mimi, mwalimu hadi kwenye mifupa, nikasema maneno niliyoyasema kila siku ya maisha yangu ya kazi: "Kwanza kila mtu aandike jina lake pale juu."

Mwalimu yeyote angesema hivyo. Karatasi isiyo na jina darasani ni karatasi ya kuchapiwa kiboko. Lakini mtafiti hasemi hivyo hata siku moja. Nilipompigia simu msimamizi wangu nikajitapa jinsi kazi ilivyokwenda, aliniuliza kama ni kweli watoto wameandika majina. Nikasema ndiyo, yote, kwa mwandiko mzuri. Akashusha pumzi.

"Mwalimu, mtoto akiandika jina anakuandikia kile unachotaka kusikia. Na wewe ukilisoma, unamsoma kwa mambo unayoyajua juu yake. Kata majina yote. Toa namba. Changanya karatasi, halafu ndipo uanze kuhesabu majibu." Akaongeza kwa upole, ili nisikate tamaa, "Ni kazi ya alasiri moja tu."

Nilirudi Doha na karatasi zile ndani ya mkoba, na makasi.

Sasa nieleze vile alasiri moja inavyoweza kuwa ndefu. Mara ya kwanza niliufungua mkoba nje ya shule, nikatoa karatasi ya juu, nikasoma jina. Lilikuwa la msichana aliyekuwa akiandika namba tisa kinyume. Nikamkumbuka, nikamkumbuka na mama yake, nikakumbuka mvua iliyonyesha siku mama yake alipokuja kuuliza kuhusu hiyo tisa, na kengele ya shule ikalia, watoto wakatoka. Mara ya pili palikuwa na joto mno. Mara ya tatu niliona kwamba kosa langu lilikuwa kuanza bila mpango.

Mwalimu wa Kenya hufundishwa, kabla ya kushika chaki, kuandika azimio la kazi: jedwali lenye safu za wiki, vipindi, mada, shabaha, vifaa, na mwisho safu ya maoni. Nilinunua rula na kalamu za rangi. Nikachora azimio la mradi wangu likapendeza kiasi kwamba ningemwonyesha mkaguzi wa shule bila hofu. Wiki hii, kukata majina. Wiki ijayo, kutoa namba. Wiki zilipopita bila chochote kufanyika, nilijaza safu ya maoni kwa adabu zote za kikazi: "Haikutekelezwa. Itarudiwa." Kisha mwezi mpya ukaingia nami nikachora azimio jipya, maana lile la zamani lilikuwa limepitwa na tarehe. Nilichora maazimio kwa miaka. Ningeweza kupewa digrii ya kuchora mistari.

Jumamosi niliosha gari ambalo halikuwa chafu. Nilijifunza kusoma herufi za Kiarabu, nikijiambia akili iliyochangamka itaandika vizuri zaidi. Kila nilipokwenda likizo nilibeba mkoba ule Taita, nikaurudisha Doha, karatasi zikawa zimesafiri kwa ndege zaidi ya wanakijiji wengi wa kwetu. Chuo kikaniandikia. Nikaomba kuahirisha. Kikakubali. Nikaomba tena.

Ijumaa, ambayo huko ndiyo siku ya mapumziko na sisi Wakristo tuliifanya kuwa Jumapili yetu, nilitoka kanisani nikaenda Fereej Bin Mahmoud kwa dada mmoja wa kwetu, muuguzi, na mume wake aliyefanya kazi hotelini. Chumba chao kilikuwa kidogo lakini mlango haukufungwa kwa mtu wa Taita. Yule dada naye alikuwa amesomea digrii yake akiwa hapohapo, akifanya zamu, akilea mimba, na akamaliza. Hakuwahi kujigamba, ila kunitania hakuacha.

"Mwalimu, hata githeri ya mahindi makavu huiva," alisema akinipakulia. "Hii digrii yako umeipika na kuni gani?"

"Bado kidogo," nikasema.

"Kidogo hiyo nimeisikia tangu huyu hajaanza kutambaa." Akamwelekeza mtoto wake, ambaye alikuwa anakimbia.

Nilicheka pamoja nao. Njiani nikirudi Al Wakrah na basi sikucheka. Nilikuwa na uchungu naye, uchungu mdogo wa kipuuzi wa mtu aliyeambiwa ukweli mezani mbele ya watu.

Kuna jambo ambalo sikulijua kwa muda mrefu, na nilipolijua sikulipenda. Katika ile nyumba nilikuwa dereva, lakini mama wa nyumba hakuniita dereva. Aliniita "mudarris", yaani mwalimu, kwa sababu siku ya kwanza nilimwambia kwamba nasoma. Aliwaambia wageni wake kwamba dereva wao yuko chuo kikuu, na wageni wakanitazama mara mbili. Watoto wake walinipa heshima kidogo zaidi ya waliyompa mtunza bustani. Mara kwa mara aliniuliza kutoka kiti cha nyuma, "Mudarris, khalas?" Umemaliza? Nami nikajibu, "Bado kidogo, madam," na wote wawili tukaridhika.

Maana wakati ule nilikuwa mwanafunzi anayeendesha gari kwa muda. Siku ningemaliza, kama sirudi nyumbani mara moja, ningekuwa dereva mwenye digrii, na hilo niliona haya hata kulifikiria. Na kurudi nyumbani nako kulinitisha. Vipi kama yule mkuu wa shule atanitazama aone mzee aliyesahau hesabu? Vipi kama nitasimama mbele ya vijana wa kidato cha tatu nikwame ubaoni? Mradi ambao haujaandikwa hauna alama mbaya. Nilikuwa salama ndani yake, na wakati wote nilimwambia mke wangu kwamba naumalizia.

Mke wangu alifundisha chekechea na kulima kidogo. Miaka ya mwanzo, kila tulipozungumza kwenye simu aliniuliza, "Mradi umefika wapi, Baba?" Nikamwambia umefika pazuri. Akaniuliza, "Kwa hiyo mwaka huu?" Nikasema mwaka huu, Mungu akipenda. Baadaye akawa anauliza mara moja kwa likizo. Baadaye akaacha kuuliza. Tukazungumza juu ya mvua, karo na mgongo wa mama yake. Nilidhani amepata subira, na nilimshukuru moyoni kwa kutonisukuma.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa Ijumaa moja, katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi, nilipoingia kwa yule dada muuguzi nikakuta kijana mgeni ameketi kwenye mkeka. Alikuwa mkubwa wa mwili, na shati jeupe la kampuni ya ulinzi, kofia ameiweka gotini. Aliponiona alisimama wima, kama mtu aliyeona mkuu wake wa kazi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hujambo, kijana. Tunajuana?"

"Mwalimu, bana! Si ulitufunza hesabu darasa la tatu, halafu ukaenda Arabuni?" Akataja jina lake.

Nililijua jina lile. Nilikuwa nalo ndani ya mkoba. Nililijua kwa mwandiko wake, herufi zilizolalia kushoto, juu ya karatasi yenye alama ya kidole cha mafuta iliyopanguswa vizuri. Nilitafuta uso wa mtoto ndani ya uso wa mtu mzima huyu mwenye ndevu na sikuuona. Nikaketi. Yule dada akaleta chai, akasema kijana ameingia nchini majuzi tu, analinda lango la jengo moja linalojengwa, na kwamba kusikia niko Doha aliomba aletwe.

Tukazungumza habari za nyumbani, nani ameolewa, nani amekufa. Alikuwa kijana mcheshi. Aliishia kidato cha pili, akasema, kisha akafanya kazi ya mjengo Voi, kisha wakala akampata. Alisema hivyo bila kunung'unika. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, unakumbuka zile karatasi ulituletea? Za chuo kikuu?"

"Nakumbuka."

"Mimi nilikuwa nawaambia maboyz, majibu yangu yako university. Hata nilipotoka shule nilikuwa nasema, mimi sijafika lakini majibu yangu yamefika." Akacheka. Kisha akauliza kwa dhati kabisa, kama mtu anayeuliza habari za ndugu aliyesafiri: "Sasa kwani ilitokea aje? Tulisema nini?"

Nilikuwa nimebeba majibu yao tangu wakiwa watoto wa sweta, nimeyavusha bahari kwenda na kurudi, na sikujua walisema nini. Yule dada muuguzi, ambaye kwa kawaida angenirushia mzaha hapo, alinitazama tu, kisha akainuka akaenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa motoni.

"Bado sijamaliza kuhesabu," nikasema.

"Sawa, Mwalimu," akasema haraka, kwa adabu, kama yeye ndiye aliyekosa. "Hakuna haraka."

Niliona haya ambayo sijawahi kuiona maishani. Haikuwa haya ya digrii. Nilimwonea haya mtoto aliyefuta mikono kwenye sweta.

Jumapili iliyofuata, ambayo huko ni siku ya kazi na shule, niliufungua mkoba nje ya shule. Kulikuwa na joto, na sikungoja lipungue. Nilichukua makasi nikaanza kukata. Nilisoma kila jina mara moja kabla ya kulikata, kwa sababu niliona hiyo ni heshima waliyokuwa wakinidai, kisha nikaliweka ndani ya bahasha na kuipa karatasi namba. Dereva mmoja Mnepali aligonga dirisha akanionyesha kikombe cha karak, nikamtikisia kichwa. Watoto walipotoka, nilikuwa nimebakisha rundo dogo. Nilimalizia alasiri chumbani kwangu, kiyoyozi kikinguruma, na kabla ya maghribi kazi ilikuwa imekwisha. Msimamizi wangu alisema kweli. Ilikuwa kazi ya alasiri moja.

Nilikaa nikitazama karatasi zisizo na majina. Ningependa kusema nilifurahi. Nililia kidogo, nikaoga, kisha nikaenda kumchukua mama wa nyumba kwa dada yake.

Baada ya hapo kalamu ilikwenda. Sikuchora azimio. Nilihesabu majibu nikiwa garini, nikaandika sura moja baada ya nyingine kwenye kompyuta mpakato niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Nilipoandikia chuo nikaambiwa msimamizi wangu alikuwa amestaafu. Nikapewa mwingine, mwanamke mdogo kwangu kwa umri, aliyeniita Mwalimu bila kejeli. Alisoma, akanipigia simu.

"Mwalimu, data yako imezeeka sana. Watoto hawa sasa ni watu wazima."

"Najua. Mmoja wao ni askari wa lango huku niliko."

Akasema hataniomba nirudie, lakini chuo hakingeongeza muda hata siku moja, na lazima nieleze jambo hilo katika ukurasa wa mapungufu ya utafiti.

Ukurasa ule ulikuwa mgumu kuliko sura zote. Nilijaribu kuandika ukweli, lakini ukweli haukukaa katika lugha ile. Mwishowe niliandika kama wanavyoandika wote: kwamba mtafiti alikuwa nje ya nchi na alikabiliwa na uhaba wa muda. Niliyasoma maneno hayo nikaona uso ukiniwaka, nikayaacha hapohapo, na kazi ikapita.

Siku jina langu lilipotoka kwenye orodha ya waliofuzu nilimpigia mke wangu. Nilikuwa nimesimama kwenye ukingo wa bahari pale Al Wakrah, watoto wa watu wakicheza mpira mchangani. Nilimwambia nimemaliza.

"Hongera, Baba," akasema. "Hongera sana. Nimefurahi." Alikuwa amefurahi kweli, nilimsikia.

"Basi sasa narudi," nikasema. "Mwambie yule mkuu wa sekondari mwalimu wake anakuja."

"Yule alistaafu zamani," akasema. "Aliyekuja baada yake ana walimu wa hesabu. Na serikali haiajiri tena watu wa umri wetu. Mdogo wako alijaribu, wakamwambia amepita umri."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unasoma," akasema. "Nilijua ukisikia hivyo utaacha, na hiyo ndiyo kitu pekee ilikuwa inakufanya useme habari za kurudi."

Sikumbuki tulimalizaje mazungumzo yale. Nakumbuka kwamba hakunilaumu, na kwamba nilitamani anilaumu. Alikuwa amebeba jambo lile peke yake akiniuliza habari za joto na za chakula, na mimi nilikuwa nimeliita subira.

Mama wa nyumba alipopata habari alinunua keki. Watoto walipiga makofi. "Mudarris, khalas!" akasema, na wote wakacheka, nami nikachukua ufunguo kwa sababu bibi alikuwa na miadi ya macho.

Nilibaki na deni moja la kulipa. Ijumaa iliyofuata nilimtafuta yule kijana. Zamu yake ilikuwa imebadilishwa, kwa hiyo nilimfuata kazini, mwendo mrefu wa basi, nikamkuta kwenye kibanda chake langoni akiwa na feni ndogo inayopuliza hewa ya moto. Alinitolea kiti chake, akasimama yeye. Nilikataa, akasisitiza, nikaketi.

"Nimemaliza kuhesabu," nikamwambia.

Uso ukamchangamka. "Wee! Kwa hivyo, Mwalimu? Tulisema nini?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilimwambia kama nilivyoandika, ila kwa maneno ya kawaida. Kwamba daftari tupu halikuwa uvivu. Kwamba wengi wao waliandika kuwa jioni nyumbani hapakuwa na mtu wa kuwasaidia, ama baba yuko Mombasa, ama mama yuko kazini mjini, ama wote wawili hawapo na nyanya hasomi. Kwamba kile kilichotenganisha mtoto anayemaliza kazi na asiyemaliza hakikuwa akili wala taa. Kilikuwa mtu mzima mmoja aliyepo nyumbani. Nilimwambia ndiyo matokeo, na yamewekwa katika maktaba ya chuo kikuu, na majibu yake yamo.

Alinisikiliza mpaka mwisho huku akitazama barabara, kwa sababu kazi yake ni kutazama barabara. Lori liliingia, akaandika namba yake, akalifungulia, akalifungia.

"Lakini hayo tulikuwa tunayajua, Mwalimu," akasema.

Hapakuwa na ukali katika sauti yake. Alinigeukia akiwa anatabasamu kidogo, kama mtu anayekumbuka ujinga wake wa utotoni.

"Sisi tulidhani unauliza ili ukishajua, ubaki."